Jinsi Nilivyomwitia Polisi Mgeni wa Bi Rukia

Nimeaibika leo, jamani, na naona heri mnisikie mimi mwenyewe kabla habari haijawafikia kutoka kwa majirani, maana wao wataongeza chumvi. (Wala haihitaji. Ishakolea.)

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jumamosi, hakuna shule. Nimekaa barazani kwangu hapa Mtopanga, nasahihisha madaftari ya somo la dini, darasa la tano. Nyumba inayotazamana na yangu ni ya Bi Rukia. Mumewe alifariki miezi miwili iliyopita, kwa hiyo yuko edani: miezi minne na siku kumi hatoki, na mwanamume asiye jamaa yake wa karibu haingii kwake. Mwanawe yuko Doha kikazi. Siku ya mazishi alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, mamangu nakuachia wewe." Tangu hapo nimejifanya mlinzi. (Bila mshahara, bila kirungu.)

Basi akatokea mtu. Mrefu, mwembamba, ndevu zimetiwa hina, nywele laini, koti la kijivu juu ya kikoi. Begani ana mkoba mkubwa uliofungwa zipu, na ni mzito, maana bega limeinama. Akasimama mlangoni kwa Bi Rukia. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akasema hodi huku mguu ushaingia ndani.

Sasa hapo mtu mwenye akili angejiuliza: nani hupiga hodi huku ameshaingia? Jibu ni mtoto wa nyumba. Lakini mimi sikuishughulikia hodi. Mimi niliangalia nywele.

Nikampigia simu Bi Rukia. Haikupokewa. Nikapiga tena. Kimya. Mke wangu, ambaye angeweza kuingia akauliza, alikuwa sokoni. Nikauwaza ule mkoba. Nikamwaza kijana wa watu kule Doha akiniuliza nilikuwa wapi. Nikapiga kituoni.

"Kuna mtu ameingia nyumba ya jirani yangu. Ni mjane."

"Amevunja mlango?"

"La. Ulikuwa wazi."

"Ana silaha?"

"Ana mkoba."

"Mkoba una nini?"

"Sijui, lakini ni mzito."

Afande akashusha pumzi. Nilisikia kabisa kwamba anataka kuniaga. Ndipo nikaongeza neno ambalo hakuniuliza.

"Ni Msomali."

"Mtaa gani?" akasema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo.

Mwezi uliopita nilipoibiwa mita ya maji niliwaita, wakaja siku ya nne. Leo, dakika tisa. Koplo mmoja, na kijana mmoja mwenye bunduki, na nyuma yao nusu ya mtaa. Mama Mutheu, anayeuza mboga pale pembeni, akaacha sukuma zake akaja.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Tulia, mama. Hali nimeidhibiti."

"Hali gani? Yule mzee amenunua ndimu kwangu sasa hivi, akanisalimia vizuri."

Nikamjibu kwamba wahalifu wa siku hizi wana adabu. (Nilisema hivyo. Mashahidi wapo.)

Koplo akataka kuingia ndani. Nikamzuia, na hapo ugonjwa wangu wa kueleza ukaamka. Yeye ni mtu wa bara, mpole, mambo ya eda hayajui, nami siwezi kumwona mtu hajui jambo nikamwacha hivyo hivyo. Nikamweleza taratibu, nikihesabu kwa vidole: anayeruhusiwa kuingia ni baba, mtoto wa kuzaa, kaka, mjomba na ami. "Sasa yule," nikamalizia, "hayumo."

"Tumuulize mama mwenyewe," akasema koplo.

Dirisha lilikuwa wazi, pazia limeshushwa. Koplo akauliza uko na nani humo ndani. Sauti ya Bi Rukia ikatoka, shwari kabisa: "Niko na kaka yangu."

Ningeweza kuishia hapo. Ningemshukuru koplo, nikarudi kwenye madaftari, na leo msingekuwa na la kusoma. Lakini nikawaza: Bi Rukia ni Mdigo, mfupi, mnene, na yule niliyemwona hafanani naye hata kucha. Kwa hiyo ametishwa. Ameshikiwa kisu. Nikasogea dirishani nikanong'ona, kwa mnong'ono uliofika barabarani:

"Bi Rukia, kama amekulazimisha useme hivyo, kohoa mara mbili."

Akakohoa. Mara mbili. Mara tatu. Mara nne.

(Bi Rukia ana pumu. Naijua pumu yake mwaka wa kumi na moja sasa.)

Kijana akakoki bunduki. Koplo akapaza sauti: aliye ndani atoke, mikono juu.

Akatoka. Mikono juu, na mmoja umeshika kikombe cha chai. Akakaa mchangani kabla hajaambiwa, akanyoosha miguu, akaweka kitambulisho juu ya goti. Kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Mkoba ukafunguliwa: kopo la samli, chupa mbili za maziwa ya ngamia, tende, na zile ndimu. Koplo akainusa samli kwa muda mrefu. Akatazama kitambulisho: Garissa. Akalisoma jina kwenye redio, huko kituoni wakaliandika.

"Huyu tunakwenda naye. Tutamthibitisha huko."

Sote tunajua, sura kama ile ikipandishwa gari lile Jumamosi, kuthibitishwa kunaweza kufika Jumatano. Au kusifike.

Bi Rukia akaja mpaka kizingitini, kajitanda kanga mpaka machoni. Hakuvuka.

"Mwalimu."

"Naam, Bi Rukia."

"Umemhesabia afande watu wangapi?"

"Watano."

"Umemruka mmoja. Mtaje."

Wallahi, nilimjua papo hapo. Ndilo swali la nne katika yale madaftari. Watoto wa miaka kumi wamelipata.

"Ndugu wa kunyonya," nikasema.

"Sikusikii."

"Ndugu wa kunyonya. Mliyenyonya naye ziwa moja ni ndugu yako, kama mliyezaliwa tumbo moja."

Akamgeukia koplo. "Mamake huyu Hirsi alifariki hapa Kisauni siku ya kumzaa. Mamangu alikuwa akininyonyesha mimi. Akamweka ziwa la pili. Tumelala kitanda kimoja mpaka tukaota meno. Babake alikuja kumchukua keshakuwa kijana wa miaka kumi na minne, ndiyo maana kitambulisho kimetoka huko."

"Mama, nimekuelewa," akasema koplo. "Lakini mambo ya maziwa hayamo kwenye kitambulisho." Mlango wa gari ulikuwa wazi. Akageuka. "Aliyepiga simu ni nani?"

Macho yote yalikuwa kwangu.

"Mimi."

"Ulimwona akifanya nini?"

"Nilimwona akiingia."

"Halafu?"

Nimesomesha miaka kumi na tisa. Sijawahi kutoa maelezo mafupi kama haya.

"Halafu basi, afande. Niliona sura yake. Hakuna jingine nililoliona. Nimekosea."

"Sema tena," akasema Mama Mutheu, "wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena.

Koplo akamrudishia mzee kitambulisho chake, akaufunga mlango wa gari. Mzee Hirsi akainuka, akapangusa mchanga. Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia.

"Toka Garissa mpaka hapa nimeshushwa na polisi kwenye basi mara tano," akasema. "Nikajiambia, nikifika kwa dadangu yamekwisha." Kiswahili chake ni cha Kisauni kuliko changu.

Nikamwomba radhi. Akasema radhi ameitoa, ila kuna jambo moja. "Jina langu limeandikwa kule, Mwalimu. Kesho mwingine akipiga simu, watalikuta."

Kwa hiyo tumekuja kituoni, mimi na yeye, kwa miguu. Nimeelezwa kwamba kilichoandikwa kwenye kitabu cha matukio hakifutwi. Huongezwa mstari chini yake kwamba mlalamishi alikosea. Mstari mmoja tu. Mwenye kitabu amekwenda kula. Kunijia nyumbani ziliwatosha dakika tisa; kuandika mstari mmoja, tumeingia saa ya tatu tunangoja.

Kila askari anayepita mlangoni humuuliza mzee Hirsi amefanya nini. Namjibu mimi. Nimeshaeleza mara sita, na kila mara naeleza vizuri zaidi. Anayetaka kunicheka na aje anichekee hapa hapa. Benchi lina nafasi.