Samahani ya Kuungaunga

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu bado yuko kwa mama yake. Kisa: eti tangu tuoane sijawahi kumwomba radhi. Hata kwa ile sufuria aliyoniachia jikoni? Haikuungua, ilipata moto tu! Mama mkwe kasema atapiga simu Jumapili. Nikiomba msamaha, mke anarudi. Nisipoomba, nipeleke nguo zake zilizobaki. Nikapata akili: nimejiandikisha darasa la kufundisha kompyuta kusikia na kusema. Tangazo linasema hata asiyejua kitu anapokelewa. Ndiye mimi! Kompyuta itaomba, kwa sauti yangu, nami nitabaki na heshima zangu.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu kaeleza kwamba kompyuta haielewi maana. Inakariri sauti na kubahatisha kinachofuata. Nikamwambia itafaa sana, mimi mwenyewe ndivyo ninavyomsikiliza mke wangu. Hakucheka. Kinyozi wa jirani naye kajiunga, kimbelembele yule! Kompyuta yake tayari inasema karibu mteja. Yangu imekohoa. Mwalimu kasema imeniiga vizuri.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Nimejirekodi nyumbani na kazini, mwalimu kapekua yote: "samahani" haimo. Kasema kompyuta haiwezi kutamka nisichowahi kutamka. Akanishauri niiseme hapo hapo darasani, mara moja tu. Mbele ya Kinyozi? Thubutu! "Sama" nimeikata kwenye "samaki". "Hani" nimeitoa kwenye "sahani". Nikaunga. Kichwa hiki kingekuwa mbali kama si wivu wa watu.

Jumapili, 10 Machi
Simu ikalia. Nikaisogeza kwenye kompyuta, nikabonyeza. Ikasema, kwa sauti yangu nzito: samaki, sahani. Kumbe vile vipande imevimalizia yenyewe! Mama mkwe akauliza nimesemaje. Ikajibu: samaki, sahani, upesi. Hiyo "upesi" ni yangu, nikikaa mezani haikosi. Kisha ikakohoa. Mama mkwe akang'aka kwamba yeye si mpishi wangu. Nyuma yake nikamsikia mke wangu akicheka, kile kicheko chake cha kukwamia puani. Jamani, nimemkumbuka! Akachukua simu. Akasema kwa upole niachane na mashine, niseme mwenyewe neno lile moja, apande basi leo hii. Nikafungua mdomo. Nikamwambia betri inaisha. Nikakata.

Jumatatu, 11 Machi
Nguo zake nimezifunga, nimezifungua, nimezirudisha kabatini. Nyumba haikaliki. Nikaenda darasani. Mlangoni nikamkanyaga Kinyozi. "Samahani" ikanitoka yenyewe, laini, nzima! Na kinasa sauti kimezimwa! Nina mkosi gani mimi? Nikamwomba anisogezee tena mguu. Kakataa, mchoyo yule. Haidhuru. Wiki hii natengeneza "nakupenda". "Naku" ninayo, kwenye "nakusikia". "Penda" nayo ipo, kwenye "napenda kulala".