Kutoka Toa Kuingia

Jumatatu, 3 Septemba 1979

Zamoyoni amekula saa tatu za Donatus. Sasa hivi tu! Mbichi! Nilimkalisha kwenye kanga nichonge penseli. Kugeuka, yuko chini ya meza ya Donatus, mashavu yamevimba, anatafuna kwa meno yake sita. Donatus anahesabu saa za wafanyakazi kwa punje za mahindi, punje moja saa moja, kama alivyofundishwa na Bi Bernadina, karani wa zamani. Akapiga kelele kwamba zile zilikuwa saa za fundi wa injini, sasa ataanza upya. Nikamwambia pole, mtoto hajui. Moyoni nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Niandike kwa mpango. Bi Bernadina amestaafu. Hapa kiwandani Kharumwa tunachambua pamba, na anatakiwa karani mmoja wa saa. Tuko wawili kwenye majaribio, mimi na Donatus. Jumamosi Bwana Nkwabi, meneja, anachagua. Atakayechaguliwa anapewa chumba cha kota. Chumba chenye sakafu ya saruji!

Jana nimemtoa Zamoyoni funza wawili kidoleni. Alilia, nami nikalia. Mama mkwe, Bi Mwasiti, akasema yeye kalea saba kwenye vumbi hilo hilo na wote wana vidole. Sibishani na mkwe. Nataka saruji.

Donatus ana kidato cha pili. Mimi darasa la saba. Lakini yeye ana punje, mimi nina akili.

Jumanne, 4 Septemba

Nimevumbua! Nilikuwa nanyonyesha, ikanijia yenyewe. Hesabu haitaki punje, inataka kanuni. Nimeunganisha karatasi nne kwa uji, nikapiga mistari, nikaandika majina arobaini na matatu. Safu ya Kuingia, safu ya Kutoka, safu ya Saa. Juu ya safu ya Saa nimeandika mara moja tu, wino mwekundu: KUTOKA TOA KUINGIA.

Mtu kaingia saa moja asubuhi, katoka saa tisa. Tisa toa moja, nane. Basi! Kanuni ile ile kwa wote, toka juu hadi chini, bila kumfikiria mtu yeyote. Hapo ndipo utamu wake. Kumfikiria mtu kunachelewesha.

Saa nne nimemaliza saa zote za jana. Donatus bado yuko kwa mtu wa sita. Nikabandika karatasi ukutani nje, kila mtu aone zake. Wiki hii watu wanatazama kweli, maana kiwanda kimepata katoni chache za sabuni, na Jumamosi wenye saa nyingi ndio watakaoanza kupata. Mche mzima! Mimi mwenyewe nafulia majani ya mpapai tangu Juni.

Bwana Nkwabi alisimama mbele ya karatasi, akasema hm. Kwa Bwana Nkwabi hm ni sifa. Donatus hajawahi kupata hm.

Nimemwandikia barua Baba Zamoyoni, yuko Mwanza na lori. Nimemwambia anunue busati la kutandika kwenye saruji. Nimempa na vipimo.

Jumatano, 5 Septemba

Walinzi wamepata sifuri.

Mzee Maduhu alikuja asubuhi na rungu lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaongeza mwangaluka ya Kisukuma, akamuuliza Zamoyoni habari za meno. Mzee mpole kabisa. Ndipo akauliza, kama sitachukia, ni nani aliyekuwa amesimama getini usiku wote amevaa koti lake.

Nikamwonyesha. Kaingia saa kumi na mbili jioni. Katoka saa kumi na mbili asubuhi. Kumi na mbili toa kumi na mbili, sifuri. Hesabu ni hesabu, mzee wangu. Akasema sawa, yeye hakusoma, kama karatasi inasema hakuwepo basi hakuwepo. Akaenda zake nyumbani. Nikasema moyoni, kumbe wazee ni rahisi kueleweshwa.

Saa tano akaja mke wake, Bi Limi. Na mchi mkononi! Alisema mbele ya watu wote kwamba huu mwaka wa kumi na moja mumewe anaaga kila jioni kwamba anakwenda kulinda kiwanda. Sasa karatasi ya ofisi inasema hayupo. Basi karani amwambie yeye, huyo mwanamke mwingine anakaa wapi.

Mzee Maduhu alikuwa nyuma yake anamvuta kanga, anamwambia bebe Limi, wewe Limi, hiyo ni hesabu tu. Bi Limi akauliza hiyo Hesabu ni binti wa nani na kwao wapi. Watu wa mashine walikaa chini kwa kucheka. Mmoja alilala kabisa juu ya pamba.

Nikakimbilia ndani, nikafikiri kwa nguvu, nikaipa kanuni yangu mkia: IKITOKA SIFURI, ONGEZA KUMI NA MBILI. Mzee Maduhu akapata kumi na mbili, na wenzake wawili vile vile. Bi Limi akahesabiwa kwa vidole vyake mwenyewe, akateremsha mchi.

Donatus akainua kichwa kwenye punje zake, akauliza na wale wasiofika kabisa itakuwaje. Nikamwambia ashughulike na mahindi yake. Wivu huo!

Jumamosi haiko mbali. Nimeshaamua kitanda kitakaa upande gani.

Alhamisi, 6 Septemba

Bi Limi ameniletea matobolwa, bakuli tele. Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, mtu anatafuna huku anafanya kazi. Zamoyoni kalala na kimoja mdomoni.

Halafu Mwanaima wa kuchagua pamba akanikumbatia. Juzi na jana hakuja, alikuwa na homa. Akasema ameshafanya kazi ofisi tatu, hajaona karani mwenye huruma kama mimi. Sikuelewa huruma gani. Nikatazama karatasi ya jana. Mwanaima, Kuingia sifuri, Kutoka sifuri. Sifuri toa sifuri, sifuri. Ongeza kumi na mbili.

Nikashtuka kidogo. Lakini kubadili kanuni mara mbili katika wiki moja ni kuonyesha udhaifu, na Donatus alikuwa ananitazama. Nikamwambia Mwanaima ugua pole.

Mchana watu walijaa ukutani. Fundi wa injini akauliza kwa sauti: yeye katokwa na jasho mbele ya moto, kapata nane. Mwanaima kajifunika blanketi, kapata kumi na mbili. Je, blanketi hilo linaazimwa? Wakacheka, wakanong'onezana, wakahesabu kwa vidole. Kila aliyepita alinitazama kwa upendo. Nami nikacheka nao. Sijawahi kupendwa hivi kazini.

Nimeanza kufunga vyombo vyangu viwili vitatu. Bi Mwasiti ameuliza nahamia wapi. Nimemwambia ataona.

Ijumaa, 7 Septemba

Kimya. Nilifika nikadhani nimekosea siku. Injini haingurumi. Getini malori manne ya pamba, madereva wameshuka wanacheza bao. Waliokuja kazini: mimi, Donatus, Bwana Nkwabi, na wapishi wawili wa jikoni ambao jana hawakupita ukutani.

Arobaini na mmoja wote wana homa!

Fundi wa injini alimtuma mwanawe na salamu, kwamba baba yuko chini ya blanketi tangu alfajiri, anajitahidi, na karani asisahau kumwandikia. Mwingine alionekana sokoni. Alipoulizwa, akasema yuko kazini.

Bwana Nkwabi akatoka akasimama mbele ya karatasi. Muda mrefu. Hakusema hm. Akaniita, akauliza kwa sauti ndogo sana inakuwaje aliyekuja ana nane na asiyekuja ana kumi na mbili. Nikamweleza kanuni yote, toka juu hadi mkiani, na sababu zake, na mchi wa Bi Limi. Akauliza, kwa hiyo wakikaa nyumbani mpaka Krismasi itakuwaje? Nikapiga hesabu ya haraka pembeni mwa karatasi. Nikamwambia, mzee, kwa saa tutaongoza mkoa mzima.

Akakaa juu ya gunia. Akaomba maji.

Donatus ndiye aliyemletea. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

Jumamosi, 8 Septemba

Watu wote wamerudi isipokuwa mmoja, wazima kabisa. Donatus alihesabu wiki nzima upya, punje kwa punje, akafunga mlango kwanza ili mwanangu asiingie. Mzee Maduhu alipata punje zake kumi na mbili kwa kila zamu. Donatus alimtazama tu, akamuuliza mzee umesimama kutoka lini mpaka lini, akahesabu. Anafikiria kila mtu! Ndiyo maana alimaliza saa kumi jioni.

Amechaguliwa yeye.

Wafanyakazi walinitetea. Arobaini na wawili walitia dole gumba kwenye karatasi kwamba wananitaka mimi na si mwingine. Wa arobaini na tatu alikuwa na homa ya kweli. Bwana Nkwabi alisoma majina yote, akasema hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Nililia ghalani nyuma ya marobota, Zamoyoni mgongoni ananifuta machozi kwa mkono wenye uji. Nikamwambia mwanangu nisamehe, mama amekukosesha sakafu. Akanivuta sikio.

Donatus akaja. Akasimama mbali. Akasema Mama Zamoyoni, chumba kikubwa kile, yeye mtu mmoja na kitanda kimoja. Mchana huwa hayupo. Mtoto akatambae huko, ameshadeki. Akaweka ufunguo juu ya robota, akaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Najua. Ananihonga nisivumbue kanuni nyingine. Sikudanganyika. Lakini nimekwenda, kutazama tu. Nimemweka Zamoyoni chini. Kwanza akaigusa saruji kwa kiganja, akashangaa ubaridi. Halafu akatambaa toka mlangoni hadi dirishani, akageuka kuona kama namwona. Nyayo safi! Nimekaa pale saa nzima.

Sikumwambia Donatus asante mpaka jioni, asije akavimba kichwa.

Bwana Nkwabi hakunifukuza. Kuanzia Jumatatu nakaa getini, naandika wanaoingia na wanaotoka. Kalamu, daftari, na hakuna kujumlisha kitu chochote. Alirudia mara tatu: kitu chochote.

Jumatatu, 10 Septemba

Getini pazuri. Upepo, kivuli, na watu wote wanapita kwangu. Mzee Maduhu amekubali zamu ya mchana, ananisaidia kumwangalia mtoto.

Lakini kazi hii imepangwa ovyo! Mtu akiingia naandika jina, saa na mzigo alioingia nao. Akitoka naandika tena jina, saa na mzigo. Mtu yule yule! Mara mbili! Nusu ya wino wa kiwanda unapotea hapa.

Nimefikiri toka asubuhi na nimepata. Hatatoka mtu ambaye hakuingia. Basi ukimwandika akitoka, kuingia kwake kumo humo humo. Tangu saa tatu naandika kutoka peke yake. Daftari limekuwa jepesi, mkono hauchoki, na Zamoyoni amenyonya mara mbili bila kukatizwa. Bwana Nkwabi akiona nusu ya daftari imebaki tupu, atajiuliza maswali kuhusu Donatus na debe lake la mahindi. Chumba cha pili cha kota kiko wazi, nimeulizia. Kina madirisha mawili.

Mzee Maduhu ananiita hapo getini. Anauliza kama namkumbuka huyu bwana anayetoka na baiskeli mbili, aliingia na ngapi. Mzee naye kwa maswali! Ngoja nikamweleze kanuni. Anayetoka na mbili, lazima aliingia na...