Fundo la Mpira na Baiskeli Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu karudi likizo kutoka chuo kikuu. Anasomea mafundo! Mimi fundi bomba nimekunja mipira ya maji miaka yote, wala sikujua mafundo yana hesabu. Alinichorea moja la makutano matatu, kamba isiyo na ncha. Akasema halifunguki milele, na shahidi ni rangi tatu. Kamba hubadili rangi pale tu inapopita chini ya sehemu yake nyingine. Na kila penye makutano, rangi iwe moja au ziwepo zote tatu. Ukifaulu bila kupaka rangi moja kote, basi, fundo ni fundo, lipinde utakavyo. Tena rangi ni hesabu iliyovaa nguo tu: sifuri, moja, mbili, kwenye saa yenye tarakimu tatu, ambayo baada ya mbili hurudi sifuri. Nilijiona kama nimeonyeshwa mshono wa Mungu upande wa ndani.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kunywa chai. Ana duka la vifaa. Tunamwita Mjuaji, ila mwenyewe hajui. Alicheka hadi akapaliwa. Msichana mzima anasomea kufunga kamba! Eti aache, akakae dukani kwake. Binti aliinamisha macho. Damu ikanichemka. Nikatangaza: Jumapili baada ya ibada, mbele ya jamaa wote, naleta mpira wa maji wenye fundo. Akishindwa kulifungua bila kukata, amwombe binti yangu radhi. Akiweza, baiskeli yangu ni yake. Mke wangu alikohoa. Nikamweleza si kamari. Kamari ni pale usipomjua mshindi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefunga fundo, nimeunga ncha kwa kiungo cha shaba. Kazi safi! Binti akauliza kama nimelipaka rangi kulihakiki. Rangi! Mambo ya chekechea. Mkono wa fundi haukosei.

Jumapili, 10 Machi
Aibu! Mjuaji aliukung'uta mpira kama shuka, ukawa duara tupu. Mahali pamoja nilipitisha juu badala ya chini. Pamoja tu! Jamaa hoi kwa kicheko. Mke wangu akasema, "Mkono wa fundi huo."

Binti hakucheka. Alifungua kiungo, akapitisha chini, akaunga, akazungushia utepe: nyekundu, buluu, njano. Kwa adabu akasema, "Mjomba, jaribu tena." Mjuaji alivuta hadi shati likaloa. Mwisho akauweka chini taratibu, akamwomba mpwa wake radhi, akamsihi asome hadi vitabu viishe. Tena akauliza hiyo saa ya tarakimu tatu inauzwa wapi. Machozi yalinitoka.

Kisha akaondoka na baiskeli yangu.

Jumatano, 13 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Kwenye karatasi za binti nimeona fundo la makutano manne. Nimelifunga kwenye mpira, safari hii nikapaka rangi kwanza, maana nimejifunza. Zimegoma kabisa! Basi hilo linafunguka. Nimemwambia Mjuaji nitalifungua mwenyewe mbele yake, nirudishiwe baiskeli. Nikishindwa, achukue sanduku langu la spana.

Binti kapiga kelele kutoka jikoni. Eti rangi zikikubali ni ushahidi, zikigoma hazijasema kitu. Eti ushahidi wa hili unataka saa ya tarakimu tano. Mtoto ana akili, Mungu amzidishie, ila anapenda kutatanisha mambo.

Nimevuta tangu asubuhi. Mjuaji amekaa kwenye baiskeli, ananitazama. Naona limeanza kulegea.