Mpango wa Kumrudisha Kiplangat kutoka Baharini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kaka yangu Kiplangat anaweza kurudi nyumbani. Nimesikia leo kwa bahati, nikimshikia Mama simu sikioni huku mikono yake ikichuma majani ya chai. Kiplangat anafundisha shule ya msingi huko pwani, kijiji cha Mwandoni. Huu ni mwaka wa tatu. Alisema fomu za uhamisho zimetoka, mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mama akamuuliza kama atajaza. Akasema bado anafikiria.

Anafikiria nini? Bahari inakula shule yao. Mwaka jana ilichukua mlingoti mmoja wa goli. Mwezi uliopita ikachukua choo cha wavulana. Hakikuwa na mtu, lakini kingeweza kuwa naye. Kijiji kimeunda kamati ya kupanda mikoko na kuyasogeza madarasa nyuma, na Kiplangat amefanywa katibu kwa sababu ana mwandiko mzuri. Najua mwandiko huo. Alinifundisha mimi pia.

Nimepanga. Nitamtisha. Nitasoma kila kitu kuhusu bahari kupanda, nimwandikie ripoti ya kutisha, ajaze fomu, arudi kwetu Kimulot. Sijamwambia mtu. Hilo si gumu, kwa kuwa huwa sizungumzi na watu.

Jumanne, 10 Juni

Maktaba ya shule ina kitabu kimoja tu kuhusu fuo. Kimeazimwa na Ouko. Ouko ni mwenyekiti wa klabu ya mazingira, baba yake ni karani wa kiwanda cha chai, na anaongea na kila mtu kana kwamba maneno hayachoshi.

Niliandaa sentensi ya kumwomba. Nikasimama karibu na dawati lake mapumziko yote. Aliniuliza kama namngoja mtu. Nikasema ndiyo. Kengele ikalia.

Jumatano, 11 Juni

Madam Dorine wa maktaba amenimaliza. Alimwambia Ouko, mbele ya Kidato cha Tatu chote, kwamba Chepkurui, yaani mimi, anakitaka hicho kitabu tangu jana na anaogopa kuomba, kana kwamba Ouko anauma. Walicheka hadi rafu zikatikisika. Ouko akanipa kitabu na kuuliza kama Kimulot tunapata ufuko hivi karibuni, ili anunue kaptula ya kuogelea. Nikasema: ni kwa sababu ya kaka yangu. Maneno sita. Sijawahi kumwambia mengi hivyo.

Nimepiga hesabu baada ya kukamua. Bahari inapanda kama milimita nne kwa mwaka. Sisi tuko karibu mita elfu mbili na mia moja juu yake. Kwa hiyo itafika kwenye zizi letu baada ya miaka 525,000. Hapa ni salama kabisa. Sielewi mtu mwenye akili anafanya nini kwingine.

Alhamisi, 12 Juni

Ripoti imekamilika. Kurasa saba. Jina: "Hatari Zinazomkabili Mtu Anayeishi Ufukoni, Hasa Mwalimu".

Niliandika kwamba siku ya dhoruba maji hayabishi hodi. Kwamba mikoko ikipandwa kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi hung'oka, na kwamba inataka matope yaliyotulia, tena na nafasi nyuma yake ili isogee bahari ikipanda. Hiyo ni ukurasa wa nne. Ukurasa wa tano ni kuhusu wanaolala karibu mno na maji. Nikamalizia: mwenye mahali pengine pa kwenda, na aende.

Nimepiga picha kurasa zote kwa simu ya Mama na kuzituma. Alama mbili za buluu. Amesoma. Hajajibu. Namwona kabisa akitetemeka.

Jumamosi, 14 Juni

Hakutetemeka. Amepiga simu akiwa na furaha ya ajabu. Jana aliisomea kamati ripoti yangu, kurasa zote saba. Walikuwa wamepanga kupanda miche mahali mawimbi yanapopiga. Kina mama wanaookota kaa walikuwa wamekataa tangu mwanzo na hakuna aliyewasikiliza. Sasa ukurasa wa nne umesema vilevile, na miche inahamishiwa kwenye matope nyuma ya mkondo. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkali, aliuliza mtaalamu huyu ni nani. Kiplangat akajibu kwamba yuko Bomet, ana shughuli nyingi.

Nikamuuliza kuhusu ukurasa wa tano. Akasema huo ndio ulimgusa sana mwenyekiti. Asubuhi ya leo watu wanane wamebeba kitanda cha Kiplangat, meza yake na jiko lake hadi nyumba iliyo juu, karibu na msikiti. Ina baraza. Sasa analala vizuri kwa sababu hasikii mawimbi.

Na kwa kuwa lazima awepo mtu wa kuufuata mpango wa mtaalamu tangu ukurasa wa kwanza, wamemkabidhi kitalu cha miche. Sasa ni katibu na msimamizi wa kitalu. Nimempandisha cheo.

Wakati tunaongea Mama alikuwa anafagia nyumba ndogo ya Kiplangat, ile iliyo karibu na mparachichi. Hufagia kila Jumamosi. Hakuna aliyelala humo tangu Januari. Aligeuza godoro, akapiga mto, akafunga mlango. Siwezi kuacha sasa.

Jumanne, 17 Juni

Kifurushi kimefika mjini Litein kwa basi. Ndani ya gunia bichi mlikuwa na mbegu kumi na mbili za mikoko, ndefu kama kalamu, na karatasi: "Kwa Mtaalamu, pamoja na shukrani za kamati."

Nimepata mpango wa pili. Kama Kiplangat anapenda mikoko, basi mikoko iwe hapa. Atakosa sababu. Kuna nusu pipa karibu na zizi. Nimelijaza matope ya kijito na maji. Bahari inataka chumvi, na ya jikoni ilikuwa imebaki kidogo, kwa hiyo nikachukua ya ng'ombe ghalani. Kilo mbili. Nikakoroga, nikaonja. Ni bahari, nadhani. Sijawahi kufika.

Nimepanda safu mbili. Zinapendeza. Picha nitapiga kesho mwangaza ukiwa mzuri.

Jumatano, 18 Juni

Hakuna picha. Samo, ng'ombe wetu mwenye madoa, amelamba bahari.

Mtoto yeyote wa huku anajua ng'ombe anafanya nini akikuta chumvi yake ndani ya pipa. Hata mimi najua. Namlambisha Samo chumvi kwa mkono wangu tangu alipokuwa ndama. Nilikuwa nafikiria bahari tu. Mbegu nne amezitafuna. Nane nimezikuta kwenye mahindi. Kisha akanywa ndoo tatu za maji, na jioni akatoa lita moja zaidi ya maziwa. Mama akauliza nimemlisha nini. Nikasema alikuwa na kiu. Huo si uongo.

Shuleni nilimwambia Ouko. Sijui kwa nini. Alicheka hadi akaegemea ukuta, akasema mimi ndiye mtu wa kwanza Bomet nzima kupoteza bahari kwa sababu ya ng'ombe. Halafu akasema nyanya yake kule ziwani amehamisha jiko mara mbili, maji yakimfuata. Akaomba kuona ukurasa wa nne. Nimempa.

Alhamisi, 19 Juni

Kesho ndiyo mwisho wa fomu. Imebaki silaha moja: Mama.

Nilimweleza vizuri. Asidanganye. Amwambie Kiplangat ukweli tu: kwamba nyumba iko kimya, kwamba bado anamtengenezea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu chake, na asipotokea wa kuinywa humpa jirani. Mama akafuta mikono kwenye leso. Akasema, lete simu.

Akazungumza kuhusu ndama. Kuhusu lori la majani linalochelewa kituoni hadi majani yanapata joto. Kuhusu mvua. Nilikuwa nimekaa pale nikimkonyeza. Kisha akauliza shule yao ina watoto wangapi. Mia mbili na kumi. Akauliza walimu. Watano. Mama akaihamishia simu sikio la pili. Ndipo akamwambia kwamba watoto waliozoea sauti ya mwalimu hawaachwi wakati maji yako mlangoni. Akasema: kaa huko, mwanangu, mmalize hiyo kazi. Mimi niko sawa.

Alinirudishia simu akaenda zizini, akakaa huko muda mrefu kuliko kukamua kunavyohitaji. Nilimfuata, nikashika ndoo ambayo haikuhitaji kushikwa. Akauliza, bila kunitazama, kama nadhani yeye hamtaki mtoto wake. Nikasema hapana. Akasema vizuri, basi shika ndoo wima, unamwaga.

Ijumaa, 20 Juni

Kiplangat amepiga simu baada ya masomo. Ameniomba mimi, si Mama.

Alisema fomu aliijaza Jumanne ya wiki jana. Ilikuwa kwenye mkoba wake, imekunjwa, tayari. Alitaka kuja. Anakumbuka baridi ya asubuhi hapa na moshi wa jikoni, na anatukumbuka sisi. Halafu Alhamisi ripoti yangu ikafika. Akaisoma mara tatu, na mara ya tatu akanitambua kabisa, mwandiko na nia. Alisema hajawahi kuona mtu akimfukuza mwenzake kwa maelekezo mazuri hivyo ya kubaki.

Fomu hataipeleka. Miche mia tatu iko kwenye matope, na madarasa mawili yataanza kusogezwa mwezi ujao.

Nikasema sawa. Akaniuliza kama nalia. Nikasema ni mtandao. Akasema mtandao wa Kimulot una mafua makali. Atakuja likizo ya Agosti, wiki tatu, na mwenyekiti anataka Desemba aende na mtaalamu wake. Hawajui kwamba niko Kidato cha Tatu. Atawaambia polepole.

Kisha hakuna aliyekata simu. Nilisikia watoto wakipiga kelele kwake, wakicheza mpira kwenye goli moja. Sijui yeye alisikia nini kwangu. Tulikaa hivyo hadi muda wa maongezi ukaisha.

Jumapili, 22 Juni

Nimefikiri sana, hasa wakati wa mahubiri. Nimegundua kosa langu.

Kosa si mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa ni kwamba ripoti ilikuwa fupi mno na ilisaidia mno. Mtu unayetaka akimbie humpi maelekezo. Fomu nyingine zinatoka Desemba, nimeuliza. Kwa hiyo leo, tulipotoka kanisani, nimeanza "Sehemu ya Pili: Mawimbi". Itakuwa na kurasa thelathini. Itakuwa hofu tupu.

Ni kweli kwamba mtu hawezi kueleza nguvu za wimbi bila kutaja kinacholipunguza, kwa hiyo nimeweka ukurasa mmoja kuhusu majani ya chini ya bahari, na mwingine wenye mchoro wa mahali pa kujenga madarasa yaliyobaki. Nimeupaka rangi ili kamati ielewe kwa urahisi.

Kurasa mbili tu. Haziwezi kuleta madhara.