Gego la Karani Mwenye Huzuni

Jumatatu, 7 Mei 1956

Gego la kulia limeamka kabla yangu. Shavu limevimba. Kioo kinanionyesha mtu aliyeficha embe mdomoni.

Niandike ukweli. Sijapiga mswaki tangu Januari. Si uvivu. Januari ndipo Basile alipopewa meza ya karani mkuu, ile iliyo chini ya feni, na mimi nimemtangulia kazini mwaka mzima. Tangu siku ile sioni sababu. Nipige mswaki kwa ajili ya nani? Ya mihuri?

Munganga Emile wa dispensari kanichungulia mdomoni, akarudi nyuma hatua mbili. Kasema huzuni imenifanya niache mswaki, meno yakaoza, meno yananinyima usingizi, na kukosa usingizi kunaongeza huzuni. Dawa ni mbili: jino ling'olewe, na mimi nitafute mtu wa kumwambia yaliyo moyoni. Kisha akafungua droo. Nimeona koleo. Nilimshukuru nikiwa tayari barabarani.

Lakini kanipa wazo bila kujua. Kama huzuni ndiyo iliyoozesha jino, basi furaha italiponya. Ninazo siku sita. Jumapili napeleka vinywaji kwa Papa Jacques, mvuvi wa kule maporomoko ya Wagenia, kumposa binti yake Honorine. Nikishindwa hakuna mara ya pili. Ameshawarudisha wawili, na mmoja alikuwa na baiskeli.

Jumanne, 8 Mei

Nimeanza furaha saa moja kamili, ofisini. Nimecheka hadi saa mbili. Kucheka bila sababu ni kazi ngumu, nimetoka jasho. Bwana mkubwa kaja kuuliza kuna nini. Basile kajibu kwa niaba yangu, kwa sauti ya huruma, eti pardon chef, huyu ndugu yetu anachoka sana kichwani siku hizi. Nimepewa siku mbili za kupumzika. Hila tupu. Na ile hewa iliyoingia wakati wa kucheka imelichokoza jino.

Alhamisi, 10 Mei

Honorine amekuja kuniangalia. Kwa sababu ya harufu nimezungumza naye huku nikiutazama ukuta. Kauliza kama huko ukutani kuna mwanamke. Nikageuka. Kasema Séverin, mdomo wako unanuka, na si mdomo tu, tangu Januari wewe si yule mtu aliyekuwa ananichekesha. Nikamwambia juzi nilicheka saa nzima. Kasema anajua, soko zima linajua, ndiyo maana amekuja.

Nilitaka kumwambia kwamba usiku nalala macho wazi, na kwamba naogopa. Nimemwambia ni mafua.

Kaniachia mswaki mpya, wa bluu. Kanionya pia kwamba baba yake hashawishiki kwa maneno. Mgeni asiyekula kwake amemkataa binti yake, alors nijiandae kula.

Jumamosi, 12 Mei

Mpango uko tayari. Mposaji hasemi, husemewa. Tonton wangu, mjomba wa kunisemea, yuko safarini Opala na mashua imechelewa, donc nahitaji msemaji. Mwenye ulimi mzuri hapa mjini ni mmoja tu, na ni Basile. Nimekwenda kumwomba huku nikimchukia. Kakubali upesi mno. Kasema atafurahi kunisaidia, kwamba siku hizi ana wasiwasi juu yangu. Ati wasiwasi. Nimeliandika hilo.

Nikifunga mdomo, harufu haitoki. Shavu la kulia nitalijaza karafuu za Mama Aziza wa dukani. Kuhusu chakula, nimemtumia Honorine ujumbe: lituma tu, zile ndizi zilizopondwa laini. Nitazimeza bila kutafuna.

Jumapili, 13 Mei

Basile kanisifu hadi nikatamani kukutana na huyo mtu. Kisha sahani zikaja. Lituma ilikuwepo. Kando yake, mlima wa mbinzo, viwavi waliokaushwa hadi wanagonga sahani. Basile kaeleza kwa tabasamu kwamba jana alimpitia Papa Jacques kumwambia ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote. Ni kweli nakipenda. Huo ndio ubaya wa Basile.

Papa Jacques ananitazama. Nimemtia kiwavi mmoja upande wa kushoto. Kahamia kulia mwenyewe. Kra! Nimeona nyota, mchana. Nimetema kwa adabu kiganjani, na kwa kuwa wote walikuwa wananiangalia, nikarudisha mkono sahanini kana kwamba nachukua mwingine. Kipande cha jino kikabaki kati ya mbinzo. Rangi ile ile.

Papa Jacques akanyoosha mkono pale pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Mposaji hasemi.

Kra ya pili ilikuwa kubwa zaidi.

Jumatatu, 14 Mei

Mimi na Papa Jacques, benchi moja kwa Emile, kila mtu na shavu lake. Kisha mzee kasema, bila kunitazama, kwamba jino lake lilikuwa bovu zamani. Tangu mkewe afariki, mwaka wa pili huu, hajapiga mswaki. Hana wa kumchekea. Nikajikuta nami nasema: Januari, meza, feni, usiku. Hakunicheka. Kasema mwanangu, kumbe tunaumwa ugonjwa mmoja. Tumelia kidogo wote wawili. Emile alidhani ni kwa sababu ya koleo.

Tulipokwisha kung'olewa, Papa Jacques kanipa binti yake, mdomo umejaa pamba. Sharti moja: mswaki kila asubuhi, mimi na yeye, na Honorine atakagua. Sikumwambia kwamba alichouma jana ni kipande cha jino langu.

Ijumaa, 18 Mei

Siku nne nalala usingizi wa mtoto mchanga. Naimba ofisini. Jambo ni wazi: jino limetoka, huzuni imetoka nalo. Sasa kama huzuni haipo, mswaki ni wa nini? Papa Jacques anasugua kila asubuhi mlangoni pake, povu hadi kidevuni, maskini mzee. Mimi naulowesha tu wangu na kuutundika kwenye msumari. Honorine anapita, anaugusa, anaona umelowa, anaondoka akitabasamu.

Gego la kushoto limeanza kugonga kidogo tangu jana. Na leo Basile kaniuliza naendeleaje, kwa upole kabisa. Bon. Nimeshajua ni nani anayelichokoza.