Chuo Kisichokosea

Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, makosa ya Kiingereza yalipigwa marufuku katika Chuo cha Lugha cha Asagiri, kilichoko Selmouth, kamji ka pwani ya Uingereza ambako wazazi wa Kijapani huwapeleka watoto wao wakajue Kiingereza kwa wenyewe.

Tangazo lilisomwa na Mkuu wa Chuo, Bwana Hisanori Morozumi, akiwa amesimama juu ya kiti ili hata wanafunzi wa nyuma wapate heshima ya kumwona. Alilisoma kwa Kijapani, lisije likawa na makosa.

"Kijapani ndani ya uzio tulishakipiga marufuku mwaka jana," alisema, "isipokuwa kwa uongozi, kwa sababu za kiutendaji. Sasa tunaingia hatua ya pili. Atakayekosea sarufi au matamshi atapata alama nyeusi. Alama kumi, ananyang'anywa kibali cha kusema na kuvishwa utepe wa kijivu. Akisema bila kibali, anarudishwa kwa wazazi. Kuna swali?"

Swali lilipaswa kuulizwa kwa Kiingereza. Hapakuwa na swali.

Mafanikio yalionekana siku ile ile. Chuo kizima kilinyamaza. Bwaloni, mtu akitaka chumvi aliitazama mpaka mwenzake aone huruma. Morozumi alipita koridoni akitega sikio, asisikie kosa hata moja, na machozi ya furaha yakamlenga. Akaiandikia Bodi ya chuo kule Osaka kwamba makosa yameshuka hadi sifuri, na kwamba kwa kadiri alivyoweza kuchunguza, hakuna chuo kingine duniani kilichofikia kiwango hicho.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu: mwalimu wa Kiingereza. Bi Gwenda Hurlock alizaliwa Selmouth, akaenda kufundisha Kobe miaka mingi, akarudi na Kijapani kizuri tu. Jumanne hata chakula cha mchana hakijafika, alikuwa tayari na alama zake kumi.

"Unameza herufi, Mwalimu," Morozumi alimwambia kwa upole. "Tena mwisho wa kila neno."

"Mkuu, hiki ni Kiingereza cha mama yangu mzazi!"

"Basi na mama tungempa alama, kama angekuwa mwajiriwa."

Bi Hurlock akavishwa utepe. Tangu hapo aliendelea kulipwa mshahara wake wote kwa kuketi mbele ya darasa akitabasamu kwa usahihi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Morozumi hakumwambia hata mkewe. Katika miaka yote aliyoishi Selmouth, yeye mwenyewe alikuwa na sentensi tatu tu za Kiingereza. Alizikariri shuleni, na zote zilikuwa sahihi. Alizitumia kwa uangalifu mkubwa, kama mtu mwenye shati moja jeupe.

Mkosaji sugu alikuwa Chigusa Tanabu, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Aomori. Baba yake, mkulima wa matufaa, alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba bintiye atarudi mkalimani. Binti huyo kila jioni alikwenda kwenye duka la samaki na viazi vya kukaanga, akaegemea kaunta na kuongea na yeyote aliyeingia. Jumatano akavishwa utepe. Alhamisi akakamatwa langoni akicheka na mama muuza samaki. Mlinzi alithibitisha kwamba alikuwa akicheka kwa Kiingereza.

"Fungasha," Morozumi akamwamuru.

Kwa bahati, Ijumaa Mwenyekiti wa Bodi, Bi Ayanokoji, alikuwa anakuja kujionea muujiza. Alikuwa bibi wa miaka themanini na ushei, mwenye fimbo nyeusi na sauti ya kuamuru. Angetia sahihi ya kumfukuza binti huyo kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya chai ndefu na meya wa mji, ambaye kila kikombe kikiisha aliongeza kingine, Mwenyekiti, Mkuu, Chigusa na sanduku lake waliingia kwenye lifti kwenda ofisi ya juu.

Jengo lile lilikuwa hoteli ya zamani, na lifti nayo ya zamani. Ilipanda kidogo, ikakohoa, ikasimama.

"Morozumi," alisema Bi Ayanokoji baada ya muda. "Nimekunywa chai nyingi."

"Naelewa, Mwenyekiti."

"Hujaelewa."

Morozumi alimwangalia tena, akaelewa. Akabonyeza kitufe chekundu. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye kisanduku ukutani: "Huduma ya dharura. Mko wapi, na kuna shida gani?"

Morozumi aliinama mbele ya kisanduku. Akainama tena, chini zaidi.

"Mjibu!" akafoka Bi Ayanokoji.

"Nimemjibu, Mwenyekiti. Nimemwinamia."

"Hakuoni, mjinga wewe!"

Morozumi akasafisha koo. "Habari za asubuhi," alisema kwa Kiingereza safi. "Jina langu ni Morozumi. Leo hali ya hewa ni nzuri."

"Haya, asante, kila la heri," ikasema sauti, na kukata.

Bi Ayanokoji akaketi juu ya sanduku la Chigusa, magoti ameyabana. "Wewe binti, sema na huyo mtu."

Chigusa akagusa utepe kifuani pake. Kisha akanyoosha kidole ukutani, zilipobandikwa kanuni za chuo. Morozumi alikuwa amezibandika kila mahali, hata chooni. Kidole kilitua kwenye kanuni ya nne: kibali hurudishwa na kikao cha watu wasiopungua watatu, chini ya Mkuu, kitakachoendeshwa kwa Kiingereza.

"Tuko watatu," alisema Bi Ayanokoji. "Fungua kikao."

"Mwenyekiti, taratibu za kuitisha..."

"Fungua kikao, Morozumi, kabla sijafungua mimi kitu kingine!"

Jasho likamtiririka. Tangu shuleni hakuwahi kutunga sentensi yake mwenyewe kwa lugha ile.

"Mimi anafungua kikao hii," alisema kwa Kiingereza.

Chigusa akanyanyua kidole kimoja. Akafikiri kidogo, akanyanyua cha pili.

"Msichana hiki... mdomo wake chake... ifunguliwe yeye."

Vidole vya mkono wa kwanza vikaisha, na vya mkono wa pili vikaanza.

"Wanaokubali?" Bi Ayanokoji akauliza kwa Kijapani, mkono wake ushakuwa juu. "Imepita! Funga!"

"Kikao kumefunga mwenyewe wao."

Chigusa alikuwa amenyoosha vidole vyote kumi. Bi Ayanokoji, mtu wa kufuata taratibu hata katika dhiki, aliuchomoa utepe kifuani mwa binti na kuubandika kwenye koti la Mkuu.

Chigusa akabonyeza kitufe. "Haloo dada! Mi Chigusa wa Asagiri, ile hoteli ya zamani kilimani. Tumenasa lifti, mi na mabosi wawili. Bibi yetu kabanwa. Kabanwa kwelikweli! Fanya fasta, mpenzi."

Kiingereza chake kilikuwa na mashimo kila upande, na kilieleweka chote.

"Masikini bibi wa watu! Mwambie avumilie, kipenzi. Fundi yuko mtaa wa pili."

Milango ilipofunguka, Mwenyekiti wa Bodi alitoka mbio bila fimbo. Aliporudi, sura imetulia, alimgeukia Morozumi.

"Kule Osaka tuna majengo mengi ambamo hakuna anayekosea Kiingereza," alisema. "Hatukuhitaji kujenga jingine huku."

Morozumi hakujibu. Hakuwa na kibali.

Hakufukuzwa, kwa kuwa Bodi haina utaratibu wa kumfukuza Mkuu. Aliagizwa tu kufanya makosa kumi kila siku, hadharani, mbele ya Waingereza, hadi Bodi itakaporidhika. Bi Hurlock alirudishiwa kibali akaongea mchana kutwa bila kupumua. Chigusa aliteuliwa Afisa Msimamizi wa Makosa, na kule Aomori baba yake akawaeleza majirani kwamba cheo hicho ni kikubwa kuliko ukalimani.

Siku ya kwanza ya utekelezaji, Mkuu alipanga foleni kwenye duka la samaki. Foleni ilikuwa ndefu, mpaka nje kwenye manyunyu. Alikuwa amefanya mazoezi bafuni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Naomba samaki mmoja na viazi vya kukaanga, tafadhali."

"Eee, kipenzi!" mama muuza akapiga makofi. "Safi kabisa! Hata mume wangu hasemi vizuri hivyo!"

Morozumi akageuka, uso umemchanua kama mtoto aliyepasi mtihani.

Chigusa hakutabasamu.

"Hilo halihesabiki, Mkuu," alisema, akimwonyesha mkia wa foleni kule kwenye manyunyu. "Rudi nyuma, tafadhali, ukakosee kama wenzako."