Siku Saba za Kutowakilishwa

Jumatatu, 6 Julai

Nitaandika yote, hata ya aibu. Tangazo ubaoni linataka hivyo: anayeomba aambatishe shajara ya siku saba, aeleze alichofanya, alichotarajia na kilichotokea, na asifute kitu. Chuo kikuu kimeungana na shule yetu. Kuna nafasi mbili za kufanya utafiti kwenye maabara yao likizo nzima, katika baiofizikia. Mwalimu wa fizikia alisema hiyo ni fizikia inayochungulia ndani ya viumbe hai. Naitaka nafasi hiyo mpaka nimeshindwa kula mchana. (Jioni nilikula mara mbili. Nimeahidi kuandika yote.)

Tatizo ni mstari wa nne. Nafasi ni za "wanafunzi wasiowakilishwa vya kutosha". Mimi nimewakilishwa kupita kiasi! Darasani ananiwakilisha kiranja wetu, tunayemwita Rula kwa jinsi anavyotembea wima. Nyumbani ananiwakilisha mama, fundi saa, ambaye hajakosa kikao cha wazazi tangu nianze darasa la kwanza. Mwaka juzi alikuja na homa.

Mpango: ifikapo Alhamisi, watu wa chuo watakapokutana na wazazi, niwe sina mwakilishi hata mmoja.

Jumanne, 7 Julai

Nilimpa Rula barua ya kujitoa. Nilimweleza kwa heshima kwamba kuanzia leo asiniwakilishe popote. Nilitarajia atashtuka. Aliisoma mara mbili, akaniongezea mkato mmoja, akauliza kwani amewahi kuniwakilisha wapi, mtu ambaye hata zamu yangu ya kufagia nakumbushwa na mama wa kantini. Kisha akauliza kama nina malaria.

Saa nne karatasi za grafu ziligawiwa kupitia viranja. Darasa zima walipata isipokuwa mimi. Grafu yangu nimeichora nyuma ya kalenda. Nimefaulu!

Rula naye anaomba nafasi. Maskini. Anawakilisha watu thelathini na wanane. Hana bahati kabisa.

Jumatano, 8 Julai

Nilimwambia mama kwamba kikao cha kesho si cha lazima. Aliniuliza nimevunja nini. Nikasema sijavunja kitu. Akasema basi atakuja mapema.

Ikabidi nitumie saa. Dukani kwa mama kuna saa ishirini na tatu na kila moja ina maoni yake. Mama anaiamini moja tu, ya ukutani, juu ya meza yake ya kazi. Nilifikiri hivi: nataka mama achelewe. Kuchelewa ni kufika baadaye. Baadaye iko mbele. Basi niisogeze saa mbele, saa nzima. Alipotoka kununua betri nilipanda kigoda nikaisogeza. Hesabu hii nimeihakiki mara tatu.

Alhamisi, 9 Julai

Nilichotarajia: kikao kianze saa nane, mama afike saa tisa, watu wakitawanyika.

Kilichotokea: mama alifika saa saba.

Tulipoingizwa ukumbini tulimkuta amekaa meza ya mbele pamoja na wageni, kibano mkononi. Daktari wa chuo (si wa sindano, wa vitabu) alikuja na hadubini yake, na skrubu ilikuwa imechomoka njiani. Mama, peke yake na mgeni ukumbini saa nzima, ameitengeneza. Walishaanza kuitana dada!

Daktari alieleza kazi yake. Wana kibano cha mwanga. Mwanga mtupu, lakini unashika chembe moja ya kiumbe hai bila kuigusa. Mama akanyoosha mkono. Aliuliza wanajuaje wabane kiasi gani wasije wakaiponda, maana yeye ana springi za saa za kike ambazo ukizikazia kidogo tu zimekwisha. Daktari akasema hilo ndilo swali wanalohangaika nalo mwaka wa sita sasa. Makofi! Rula aliniinamia sikioni akasema tangu azaliwe hajaona mtu aliyewakilishwa kama mimi.

Nilisimama nikiwa nalia. Niliomba kujua kama mwanafunzi anaweza kusamehewa iwapo mama yake amekuja kwa bahati mbaya. Hakuna aliyenielewa. Ikabidi nieleze yote: barua, mstari wa nne. Ukumbi ulicheka mpaka mwalimu wa fizikia akavua miwani kujifuta. Daktari peke yake hakucheka. Alisema kwenye ujia wa ofisi zao kuna milango kumi na minne, na nyuma ya milango hiyo kuna mwanamke mmoja, ambaye ni yeye. Wasiowakilishwa ni sisi: wasichana, na shule zisizo na maabara. Kwa hiyo ni sote tuliokuwa ukumbini. Hata Rula.

Kumbe! Kuanzia leo sitatenda kabla ya kuuliza neno lina maana gani.

Tulipofika dukani mama aliitazama saa ya ukutani, kisha kigoda, kisha alama ya kiatu changu juu ya kigoda. Aliniambia kwa upole kwamba mtu akitaka mwenzake achelewe, saa hurudishwa nyuma.

Ijumaa, 10 Julai

Majina yametoka. Rula na mimi! Nilisoma mara nne. Nafasi itathibitishwa wakishapokea shajara na fomu iliyosainiwa na mzazi. Rula alinikumbatia, kisha akasema barua yangu ameichana na kuanzia Jumatatu nawakilishwa kama wenzangu.

Jumamosi, 11 Julai

Adhabu ya mama: nimesafisha saa kumi na moja za dukani. Zimebaki kumi na mbili. Sina la kujitetea.

Jumapili, 12 Julai

Nimeisoma fomu ambayo mama alisaini siku ya kikao. Inasema: "Nakubali mwanangu akabidhiwe mlezi kutoka chuo kikuu kwa muda wa miaka miwili."

Mlezi! Nilifikiri nakwenda maabara, kumbe nimetolewa. Mwalimu wa fizikia naye huitwa mlezi, lakini ni wa klabu ya sayansi, na klabu haina mama.

Nilimuuliza mama kama alijua anachosaini. Alisema ndiyo, na anashukuru, maana yeye kwenye fizikia angenifikisha wapi. Akaendelea na springi yake. Hata kibano hakikutetemeka.

Sijamuuliza zaidi. Nimeshapata mpango. Mbele ya huyo mlezi nitakula kwa kelele, nitaacha milango wazi na nitaimba, mpaka anirudishe nyumbani mwenyewe kila jioni. Maabarani nitakuwa nadhifu, nisije nikafukuzwa na huko. Nguo nimezigawa mafungu mawili. Moja nimeifunga kwenye mfuko, nyingine nimeiacha kabatini ili mama asione pengo.

Nina swali moja tu, na naomba nijibiwe mara mtakapoipata shajara hii: nikishakabidhiwa kwa huyo mlezi, mama yangu bado ataruhusiwa kuja vikaoni kuniwakilisha?